Posa ya Pua Iliyoziba

Mzee Kufuli alifungua mlango kwa upana wa kiganja, akatanguliza pua, kisha jicho moja.

"Karibuni," alisema, lakini hakusogea hata kidogo. "Ila kabla hamjaingia, kila mtu aseme: Mama mnene amenuna mno."

Shangazi, ambaye mwili wake ulitosha kuziba mlango ule bila kubakiza nafasi, alishusha mkoba begani polepole.

"Baba, huyo mama mnene ni nani?"

"Si mtu. Ni maneno tu."

"Maneno hayana miguu, ila yanajua pa kukaa. Mimi nimekuja kumposea mtoto wa kaka yangu, sikuja kupimwa kiuno."

"Shangazi, sema tu," alinong'ona kijana aliyesimama nyuma yake. Huyo alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Barafu, hata wale waliokuwa na deni la fadhila kwake. "Nilikwambia mzee ana utaratibu wake mlangoni."

"Ulisema utaratibu. Hukusema matusi."

Utaratibu wenyewe ulikuwa na maana yake. Mzee Kufuli alitengeneza kufuli maisha yake yote, na alipostaafu akabakiwa na kufuli moja tu la kulinda: kifua cha binti yake wa pekee. Binti alizaliwa na maradhi yanayoitwa sistiki faibrosisi. Ute ulio ndani ya mapafu, ambao kwako na kwangu huteleza kama maji ya sabuni, kwake ni mzito kama gundi ya seremala. Kijidudu kikiingia humo hunasa, kikaoa, kikazaa. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa leso, yeye yanaweza kumlaza hospitalini akachomekwa dripu. Ndipo mzee akatafuta kipimo cha mlangoni, akakipata kinywani mwa watu. Pua iliyoziba haiwezi kutamka M wala N. Mwambie mwenye mafua aseme "mama", atasema "baba".

Shangazi alisema maneno yale kama anayemeza kwinini. Akapita.

Barafu naye alivuta pumzi. Tangu alfajiri alikuwa amejifunika taulo juu ya beseni la maji ya moto, akijifukiza mpaka uso ukawa kama nyanya, na sasa pua ilikuwa wazi kama duka siku ya sikukuu.

"Mama mnene amenuna mno," alisema, kila herufi mahali pake.

"Safi," alisema Mzee Kufuli. "Nawa mikono, ingia."

Usimwone mwizi. Barafu alikuwa na imani yake, na mafundi wenzake wote waliishika kama dini: kwamba anayeingiza kichwa ndani ya majokofu kutwa nzima lazima apige chafya, na kwamba mafua hayo ni ya friji, yametoka kwenye chuma na gesi, hayamhusu binadamu mwingine. Siku mbili hizi alikuwa akipiga chafya, akajiambia ni friji la bucha. Kama ni hivyo, kwa nini alijifukiza? Hilo muulize yeye mwenyewe.

Sebuleni madirisha yote yalikuwa wazi na viti vimepangwa mbali mbali kama wajumbe waliogombana. Fundi Saa akatoka chumbani.

Ndivyo alivyoitwa binti huyo, kwa kazi yake. Alitengeneza saa kwenye kibanda cha vioo karibu na posta, akiongea na wateja kupitia kitundu kidogo, ili vumbi lisiingie kwenye saa wala pumzi za watu zisiingie kwake. Barafu alikwenda pale mara ya kwanza na saa isiyo na ubovu wowote. Fundi Saa akaifungua, akaitazama, akamrudishia. Kesho yake alileta saa ya mezani. Kisha saa ya ukutani ya mwenye nyumba wake. Saa zake zilipomalizika akaanza kuazima za majirani, mpaka binti akamwambia kupitia kitundu, "Kaka, wewe ndiye umeharibika. Kaa hapo nikutazame."

Sasa alimtazama hivyohivyo, jicho moja likiwa jembamba kidogo kwa mazoea ya kukaza lenzi, na tabasamu lililoanzia upande huo na kuchelewa kufika upande wa pili. Barafu alifungua kinywa amwambie amependeza.

Hapo ndipo pua ilipofunga duka. Kwanza tundu la kushoto, kisha la kulia, bila hata kuaga.

Akafumba kinywa. Alijaribu neno kichwani. "Umependeza" lingetoka "ubepedeza". "Mimi" ingekuwa "bibi". Mzee angetambua kabla sentensi haijafika mwisho. Basi akaamua, kwa ujasiri wa mtu aliyekata tamaa, kwamba atazungumza posa nzima bila M wala N. Jaribu wewe, msomaji, hata kwa salamu tu. Utaona kwamba Kiswahili kimejengwa juu ya herufi hizo mbili kama kitanda juu ya miguu.

"Nasikia unatengeneza majokofu," alianza Mzee Kufuli.

"Kabisa, Baba."

"Kazi ipo?"

"Ipo tele. Friji zaharibika kila siku."

"Na wazazi wako?"

"Wote wapo, Baba. Afya zao safi."

"Unavuta sigara?"

"La!"

"Pombe?"

"La hasha!"

Mzee Kufuli alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kijana wa maneno machache. Nawapenda hawa. Msemaji sana humaliza hewa ya wenzake."

"Machache?" Shangazi aligeuka na kiti chake. "Huyu? Huyu anaongea hata akipiga mswaki! Wewe, betri imekwisha leo?"

"Adabu tu," alisema Barafu. Alitaka kuongeza "Shangazi", akaona N imekaa katikati kama jiwe barabarani. "Adabu tu... wewe."

"Wewe? Mimi ndiye wewe? Niliyekubeba mgongoni?"

"Shangazi, chai," aliingilia Fundi Saa haraka, akasogeza sinia.

Kulikuwa na chai na mayai ya kuchemsha. Fundi Saa alimeza vidonge vyake vya kusaidia tumbo kusaga chakula, kisha akalinyunyizia yai lake chumvi mpaka likavaa nguo nyeupe ya pili.

"Binti," alisema Shangazi, "chumvi yote hiyo?"

"Jasho langu linatoka na chumvi kuliko la watu wengine, Shangazi. Daktari kaniamuru nirudishe. Kasema nile chumvi nyingi." Akaliuma yai. "Na mimi ndiyo mipango yangu. Nile chumvi nyingi mpaka mvi zinichoke."

Shangazi alicheka mpaka kikombe kikacheza kwenye kisahani. Mzee Kufuli hakucheka. Alitazama pembeni, akaanza kumenya yai ambalo lilikuwa limekwisha menywa.

Kisha Fundi Saa akakohoa. Kilikuwa kikohozi chake cha kila siku, cha chini, chenye majimaji, kinachopanda ngazi polepole. Alijigeuza, akatumia kitambaa, akakitupa kwenye ndoo yenye kifuniko, akanawa mikono. Aliporudi alimkuta Shangazi amejifunika pua kwa mtandio.

"Tusifichane," alisema Shangazi kutoka nyuma ya kitambaa. "Mimi ni mtu mzima, sina kona. Ukoo umenituma nitazame, nami natazama. Watu wanasema kile ni kifua kikuu."

"Si kifua kikuu," alisema Fundi Saa kwa utulivu wa mtu aliyelijibu swali hilo tangu shule ya msingi. "Ni sistiki faibrosisi."

"Sista nani?"

"Sistiki. Faibrosisi."

"Huyo sista kafanya nini?"

"Ni jina la ugonjwa, Shangazi. Mtu anazaliwa nao. Hauambukizi. Baba na marehemu mama kila mmoja alibeba nusu ya mbegu yake bila kujua, mimi nikazipata zote mbili."

"Na watoto wenu je?"

"Yeye atapimwa damu kwanza, aone kama amebeba nusu. Tumeshaongea. Daktari wangu anamngojea."

Shangazi alimtazama mpwa wake. "Mmeshaongea?"

"Haswa," alisema Barafu.

Mzee Kufuli aliweka yai chini. "Mama, shusha mtandio wako. Unamwogopa asiyeogopewa. Yeye ndiye wa kutuogopa sisi." Sauti yake haikuwa kali, ila ilikuwa imechoka. "Mwaka jana mjomba wake alikuja hapa, akakaa palepale alipokaa huyu kijana. Akapiga chafya. Nikamwuliza, shemeji, una mafua? Akasema, ah, vumbi tu hilo. Nikaona haya kumfukuza. Wiki haikuisha, binti yangu hana pumzi ya kufika mlangoni. Mafua ya mjomba yalikuwa yamefungua kufuli, na bakteria wakaingia nyuma yake. Akalazwa, dripu mkono huu, ikihamia mkono ule. Alitoka hospitali, ndiyo. Lakini bakteria hawakutoka wote. Na kila wanapopita huacha kovu, na kovu halipumui. Ndiyo maana nasimama mlangoni kama kichaa na mama mnene wangu."

Barafu alishika kikombe, akakiona kizito kama kompresa ya friji. Vumbi tu hilo. Friji tu hilo. Maneno hayo yalikuwa mapacha, hata sura zao zilifanana. Alitamani kuinuka palepale. Lakini Fundi Saa alikuwa amemsimulia jinsi wachumba wawili waliotangulia walivyotolewa nyumba hii, mmoja kwa kikohozi, mwingine kwa kamasi, na jinsi mlango ule ulivyokuwa haujawafungukia tena. Akisema, anampoteza. Alirudisha kiti nyuma kidogo, upande wa dirisha, akapumua kuelekea nje.

"Sasa, kijana," alisema Mzee Kufuli. "Mengine ni ya wazee. Moja ni lako. Unampenda binti yangu?"

"Kabisa."

Fundi Saa aliinua kichwa. "Kabisa nini?"

"Kabisa... kweli kweli."

"Kweli kweli nini?"

"Hakika. Bila shaka. Haswa."

"Kule kibandani kwangu," alisema Fundi Saa, "lile neno unalisema mpaka wateja wanaomba utoke kwenye foleni. Leo mbele ya baba yangu unaniapia kama shahidi mahakamani. Neno lenyewe liko wapi?"

Barafu alifungua kinywa, akakifunga. Aliweka mkono kifuani, akaonyesha moyo. Akamwonyesha yeye. Akarudi kwenye moyo.

"Amekuwa bubu?" aliuliza Mzee Kufuli.

"Sijui, Baba. Alikuja mzima," alisema Shangazi.

Fundi Saa alinyanyua kiti chake akakisogeza karibu na Barafu. Barafu akarudi nyuma. Akasogea tena. Barafu akarudi tena, mpaka mgongo wa kiti ukagonga ukuta na hakukuwa na pa kurudi. Alikuwa ameugeuza uso pembeni, akibana pumzi, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta.

Binti akasimama. Lile jicho jembamba lilijaa maji.

"Nimeelewa," alisema taratibu. "Shangazi kakutia hofu. Na wewe unadhani nitakuambukiza."

"La!" Barafu alilipuka. "La, la, la!"

"Basi sema unanipenda. Neno moja tu, nilale nalo."

"Sema, mwanangu!" alipiga kelele Shangazi. "Mimi niliyekuwa sitaki, sasa nataka!"

Uso wa Fundi Saa ulikuwa karibu mno, karibu kuliko ulivyowahi kuwa bila kioo katikati. Barafu aliona kwamba angeweza kumpata sasa hivi, kwa kuinama tu, kwa pumzi moja puani mwake. Angempata yeye, na mapafu yake yangekuja kutoa mahari.

Akaruka kiti. Alipita kati ya Shangazi na meza, akaangusha ganda la yai, akafungua mlango, akaufunga nyuma yake, akazunguka nje mbio. Walimwona akitokea dirishani. Akasukuma kioo mpaka kikajifunga kati yake na wao, na hapo ndipo alipopiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa amezizuia.

"Dida bafua!"

"Amesema nini?" aliuliza Fundi Saa.

"Anataka bafu," alisema Shangazi. "Masikini. Kumbe ndilo lililokuwa likimsumbua."

Lakini Mzee Kufuli alikuwa amekwisha tambua. Alisimama kama mtu aliyesikia ufunguo usio wake ukigeuka mlangoni.

"Ana mafua!"

Kilichofuata kilikuwa vita. Alimvuta binti mpaka upande wa pili wa chumba, akawasha feni, akashika taulo na kuipeperusha hewa ielekee mlangoni, kama anayeswaga kuku. Kikombe cha Barafu alikibeba kwa vidole viwili. Kisha akakisogelea kioo, pua yake upande huu, pua nyekundu ya kijana upande ule.

"Umepitaje mlangoni kwangu?"

"Dilijifukiza, Bzee."

"Ukijua una mafua?"

"Dilidhadi di ya friji."

"Ya nini?"

"Ya friji!"

"Friji linapata mafua?"

Nyuma yake, mabega ya Fundi Saa yalianza kutikisika.

"Toka kwangu!" alisema Mzee Kufuli.

"Dibeshatoka, Baba," alisema Barafu kwa unyenyekevu, na ilikuwa kweli. "Sabahadi. Ukidifukuza, sawa. Lakidi kiti kile asikalie. Kifutwe kwadza."

Mzee Kufuli alikitazama kile kiti. Alitazama mlango ambao kijana alikuwa ameufunga mwenyewe.

"Mjomba alisema vumbi," alisema hatimaye, si kwa yeyote. "Yule mchumba wa kwanza alisema pilipili. Wa pili alisema maua yanamdhuru. Wote walibaki wamekaa, wakamaliza chai yangu."

Shangazi alikuwa ameinuka, anatafuta mkoba. "Na mimi nimekuja naye kwenye teksi moja, tumebanana kama viatu kwenye boksi. Basi na mimi ni wa nje." Mlangoni alisita, akashusha ule mtandio na kumtazama binti. "Mwanangu, nilijifunika mimi. Kumbe nilitakiwa nikufunike wewe."

"Hukujua, Shangazi."

"Sasa najua. Na nitakaowaambia watajua, na unajua mimi si mtu wa kuambia wachache."

Fundi Saa alisogea kwenye kioo, hatua moja nyuma ya baba yake. Macho yalikuwa bado na maji, lakini si yale ya kwanza.

"Na lile neno?" aliuliza. "Bado sijalisikia."

Barafu alipangusa pua. "Didakupeda."

"Kioo kinene. Sijasikia."

"DIDAKUPEDA!"

Dirisha la ghorofa ya juu likafunguka. "Nani anapedwa huko chini?" iliuliza sauti ya kiume. "Watu tumetoka zamu ya usiku, tunalala!"

"Funga dirisha lako!" alijibu Shangazi, ambaye sasa alikuwa amefika nje. "Hii ni posa!"

Fundi Saa alicheka. Alicheka kwa kifua kizima, na kifua hicho hakikuwa na nafasi ya kucheka kizima. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikapanda kikikwama, kikapanda, mpaka akashika ukingo wa dirisha na midomo ikapoteza rangi. Nje, Barafu aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo, asijue la kufanya.

Mzee Kufuli hakuharakisha. Alimkalisha binti yake kwenye stuli, akamwinamisha mbele, akakunja kiganja, akaanza kumpiga mbavuni kwa nyuma: pu, pu, pu, pu, sauti ya mpira uliojaa nusu. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati lake. Ute ulianza kulegea. Binti akakohoa kitambaani, akavuta pumzi, akapiga ishara kwamba yuko sawa, endelea.

Barafu alikuwa akiutazama ule mkono. Hakutazama kingine. Na mkono wake mwenyewe ukainuka hewani, ukaanza kuiga, pu, pu, pu, ukipiga hewa.

Mzee Kufuli alimwona. Mkono wake ulisimama. Walitazamana kupitia kioo, yule mzee aliyeifanya kazi hiyo asubuhi na jioni tangu binti hajui kutembea, bila siku ya mapumziko wala msaidizi, na yule kijana mwenye pua kama taa ya breki.

Kisha mzee akasogea pembeni kidogo ili bega lake lisizibe. Akauinua mkono juu, wazi, na kuukunja polepole.

"Usiwe bapa," alisema kwa sauti ya kuvuka kioo. "Bapa linauma. Kunja kama unateka maji."

Barafu alikunja.

"Bana vidole. Hapana, vidole. Ndiyo. Sasa piga kwa kifundo cha mkono, siyo bega. Hewani hujifunzi kitu, kijana, unahitaji mgongo."

Barafu aligeuka huku na huku uwanjani. Shangazi akashusha pumzi ndefu, akatundika mkoba kwenye msumari wa ukuta, akamgeuzia mgongo wake mpana na kuinama.

"Haya. Mgongo ndio niliobakiza."

Pu, pu, pu, pu.

"Juu kidogo!" alisema Mzee Kufuli. "Hapo ni figo! Na usiguse uti wa mgongo!"

"Mwambie na nguvu apunguze," alilalamika Shangazi akiwa ameinama. "Ananipiga kama friji lililokataa kuwaka."

Fundi Saa alikuwa ameegemea kioo kwa bega, anafuta macho, anapumua. Mzee Kufuli hakutabasamu. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama alivyozoea kusikiliza kufuli, mpaka mapigo ya kijana yakaanza kufanana na yake.

"Sasa upande wa pili," alisema.